BUTU ya KOKOKO!: usiku wa Kinshasa, masikio ya Rutshuru

Wandugu, tuanze na jina. "Ko ko ko" ni vile watu wa Kinshasa wanavyogonga mlango kwa mdomo. Sisi tungesema hodi. Kundi la KOKOKO! lilizaliwa kule Kinshasa katikati ya miaka ya 2010, likapiga hodi duniani na chupa, makopo, bidoni na vyuma vya magari mabovu. Albamu yao ya kwanza, Fongola, yaani ufunguo, ilitoka 2019. Ya pili, BUTU, yaani usiku, ilitoka Julai 2024 kwa Transgressive, kampuni ya London. Ndiyo ninayotaka tuijadili.

Wazungu wanaiita punk. Neno hilo tulichunguze kidogo. Punk ilivuma London kuanzia 1976: vijana wengi wao bila kazi, gitaa zenye kelele, kejeli mingi, na wazo moja kwamba kutojua muziki vizuri si sababu ya kunyamaza. Hapo KOKOKO! wanafanana nao. Tofauti ni hii: kijana wa London alichana nguo nzima kwa makusudi. Kijana wa Kinshasa hakuhitaji kuchana kitu, maisha yalishachana.

Sisi tuna jina letu la jambo hilo: Article 15. Kila Mkongomani anakijua hicho kifungu cha katiba kilichotungwa kwa mzaha: jidebruye! Serikali haileti maji? Article 15. Una diploma na hakuna kazi? Article 15, ndugu, uza krediti za simu. Ni mzaha mzuri, na umetuokoa mara mingi. Lakini una sumu yake. Ukiurudia sana, anayepaswa kuleta maji anacheka na wewe, kisha anaenda zake.

Angalieni chukudu. Miti, mpira wa gurudumu la zamani, misumari, na gunia za viazi zinateremka mpaka Goma. Tumeijengea sanamu ya rangi ya dhahabu kwenye rond-point, na ninaipenda. Lakini sanamu halibebi viazi, na sifa hazimpunguzii mwenye chukudu mlima hata mmoja.

Muziki wetu umekutana na shida hiyohiyo. Staff Benda Bilili walipotoa Très Très Fort mwaka 2009, dunia ilishangaa: wanamuziki waliopata polio, wanaokaa kwenye vigari vyao, na kijana anayepiga satongé, kopo lenye uzi mmoja. Wao walijichekesha kabla hujawaonea huruma. Jina lenyewe lilikuwa onyo: tazama zaidi ya unachokiona. Lakini waandishi wengi waliandika juu ya vigari kuliko juu ya nyimbo. Na KOKOKO! pia: takataka kwanza, muziki baadaye.

Ndiyo sababu BUTU imenifurahisha kuliko Fongola. Vyombo vya mabaki bado vimo, lakini haviombi tena kupigiwa makofi. Mbele kuna sauti ya Makara Bianko, anayeimba kama mpiga debe wa stendi aliyekataliwa nauli, na mashine za Débruit, mtayarishaji kutoka Ufaransa. "Butu Ezo Ya", yaani usiku unakuja, inatuingiza moja kwa moja kwenye kelele za jiji giza likiingia. Hakuna anayekueleza kwamba Kinshasa ni maskini. Unasikia tu kwamba Kinshasa imeamka.

Wimbo ninaourudia ni "Bazo Banga". Kwa Kiswahili chetu cha hapa: banaogopa. Nani? Kichwa hakisemi. Hiyo "ba" ndogo inabeba kila mtu na haimtaji mtu. Sisi wa Rutshuru tunaijua sarufi hiyo. Ukikaa kwenye kijiwe hapa au Kiwanja, utasikia: "banasema", "banapita", "banakuja". Hakuna anayeuliza ni nani, na kila mtu ameelewa, halafu mmoja anatupa utani na watu wanacheka kwa sauti ndogo. Mzaha wa namna hiyo si kukimbia ukweli. Ni mlango wa nyuma ambao ukweli unapitia wakati mlango wa mbele una mlinzi.

Sasa makosa, maana sifa tupu si uhakiki. Katikati ya albamu mdundo unachosha. Mashine inashikilia mwendo mmoja, na unahisi wamefikiria ukumbi wa Ulaya ambako mtu haelewi Lingala na anataka kuruka tu. Hapo kelele inabaki kelele. Utani unahitaji mtu anayesikia maneno. Pia kichekesho kimepungua. Staff Benda Bilili walijua kunong'ona mzaha, KOKOKO! wanapiga kelele karibu muda wote.

Na kuna umbali ambao sitauficha. Usiku wao umejaa baa, jenereta na makanisa ya maombi. Usiku wetu, hasa tangu vita ilivyorudi 2022, ni wa kufunga mlango mapema na kusikiliza kama kuna kitu kinasogea. Hata Lingala yenyewe: Kinshasa ni lugha ya mapenzi na rumba, huku wazee wengi waliijua kwanza mdomoni mwa askari. "Ko ko ko" usiku Kinshasa ni mgeni. Huku inakatisha usingizi wa nyumba nzima.

Kwa hiyo siwaambii kwamba BUTU ni sauti yetu. Ninasema imetuonyesha kazi iliyobaki. Bidoni tunazo, vijana wenye ulimi mkali tunao, na ile "ba" tunaijua kuliko wao. Albamu ya usiku wa Rutshuru bado haijarekodiwa. Atakayeirekodi, tafadhali, asitusifu kwa kujidebruya. Atuchekeshe, kisha aache swali la "nani?" likae mezani.