Ulezi wa Waandishi Chipukizi Migori na Homa Bay

Ulezi wa kitaaluma, yaani uhusiano wa muda mrefu ambamo mwandishi mkongwe humwongoza chipukizi katika maamuzi ya kazi, hutofautiana na unoaji wa stadi, ambao hulenga jambo moja, kama vile kuhoji, na hukoma stadi hiyo inapopatikana. Katika kaunti za Migori na Homa Bay, ambako waandishi wengi huripoti mbali na chumba cha habari na hulipwa kwa kila habari inayochapishwa, ulezi una kazi nzito kuliko kusahihisha lugha, nayo ni kufunza namna ya kupima hatari.

Matukio mawili yanaonyesha uzito wa hatari hiyo. Mnamo Januari 2009 mwili wa Francis Nyaruri, mwandishi wa kujitegemea wa gazeti la Weekly Citizen aliyekuwa ameandika kuhusu tuhuma za ufisadi miongoni mwa polisi katika eneo jirani la Nyamira, ulipatikana katika msitu wa Kodera. Septemba 2018, mwandishi wa gazeti la Nation aliyekuwa akifuatilia habari iliyomhusu Sharon Otieno, mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Rongo, alitekwa pamoja na mwanafunzi huyo baada ya kikao katika hoteli mjini Rongo. Yeye alinusurika kwa kuruka kutoka garini, ilhali mwili wa Sharon ulipatikana katika msitu uo huo. Gavana wa Migori wa wakati huo na watu wengine wawili walishtakiwa kwa mauaji ya Sharon, nao wakakana mashtaka.

Jambo la kuzingatiwa katika tukio la pili ni kwamba, kama ilivyoripotiwa, hatari ilizuka pale mwandishi alipotimiza wajibu wa kimaadili wa kutafuta kauli ya upande wa pili. Darasani kanuni hiyo hufunzwa kama suala la haki. Mlezi huifunza pia kama suala la usalama, kwa kuonyesha kwamba kauli inaweza kuombwa kwa simu au kwa ujumbe wa maandishi wenye tarehe, na kwamba kikao kikilazimika, mwandishi ndiye achague mahali, mhariri ajue saa ya kurudi, na gari la mwenyeji lisipandwe hata kidogo.

Ugumu wa ulezi huu upo katika malipo. Kwa kuwa saa zinazotumika kupanga usalama hazilipwi, na kwa kuwa katika mji mdogo mkongwe na chipukizi hugombea nafasi ile ile gazetini, anayestahili kuwa mlezi ana sababu ya kuficha vyanzo vyake na hata mbinu zake. Kwa hiyo ulezi una nafasi kubwa zaidi ya kufaulu pale mwandishi wa gazeti anapolelewa na mtangazaji wa redio, au na mhariri aliyestaafu, ambaye hana habari ya kumpokonya.