Geuza Stika, Usome Mgongo Wake

Ukipewa stika mpya mkononi, usianze kwa kusoma maandishi yake. Igeuze. Bandua pembe moja ya vinili, kisha iangalie karatasi ya mgongoni kwenye mwanga wa dirisha. Njia ya kisu inatakiwa ionekane kuwa mkwaruzo hafifu tu, wenye kina kilekile tangu mwanzo hadi mwisho. Ukipitisha kidole ukahisi mfereji, au ukaona mwanga unapenya, kisu kilitokeza mno. Usipoona alama yoyote, kisu hakikufika chini, na aliyekata alizing'oa herufi kwa kuzivuta. Bado hujaangalia rangi wala mchoro wala bei, na tayari unajua mengi kuhusu mkono uliofanya kazi hiyo.

Cimpunda ni mtaa wa kubanana. Nyumba za mbao zimeshikana mteremkoni upande huu wa komine ya Kadutu mjini Bukavu, na mashine ndogo ya kukata, ikiingia nyumbani, hupata nafasi juu ya meza ileile ya kulia chakula. Mezani hapo yanatoka majina ya kubandika kwenye pikipiki, namba za jezi za timu za vijana, tishati za waliofaulu mtihani wa serikali, exetat, maandishi ya ukumbi wa harusi, na tishati zenye jina la marehemu ambazo familia nzima itavaa matangani. Ni kazi inayobeba majina ya watu, na jina la mtu halistahili kukatwa ovyo. Ndiyo sababu nataka mteja ajue cha kuangalia kabla hajatoa pesa, na fundi ajue kuisoma kazi yake kabla hajailaumu mashine. Karibu kila kasoro ina alama yake, na alama hiyo inakuambia ilikotoka.

Baada ya mgongo, nenda kwenye pembe. Kisu cha mashine hizi hakiendi kama kalamu. Ncha yake haikukaa katikati ya mhimili, imesogea pembeni, mara nyingi kwa robo ya milimita, na kisu hujigeuza chenyewe kikiburutwa, sawa na yale magurudumu madogo ya kitanda cha hospitali yanavyofuata kila upande unaosukuma. Programu ya kompyuta lazima iambiwe kipimo hicho cha robo milimita ili ijue namna ya kuzunguka kwenye kona. Ikiambiwa kipimo kidogo kuliko kilivyo, herufi L na E hutoka na kona za mviringo. Ikiambiwa kikubwa, kona huota vipembe vinavyochomoza nje. Kwa hiyo chukua neno lenye herufi za kona, AMANI au FURAHA, uangalie kilele cha A na miguu ya M. Kilele kikiwa kikali na safi, fundi anakijua kisu chake.

Halafu angalia herufi O. Mahali kisu kilipoanzia ndipo kinapotakiwa kumalizia. Mwanya mdogo unaojirudia kwenye kila duara, wa ukubwa uleule, unatokana na kipimo cha kisu au kisu kulegea ndani ya ala yake. Mwanya unaoongezeka kadiri kazi inavyorefuka ni habari nyingine kabisa: vinili ilikuwa inateleza chini ya magurudumu ya kubana. Kasoro hizi mbili hufanana kwa jicho la haraka, na nimeona watu wakibadilisha visu vizima vizima wakati kilichohitajika ni kunyoosha rola na kuipitisha mbele na nyuma mara moja bila kukata, ili waone kama inakwenda upande.

Fundi makini hukata jaribio kabla ya kila kazi: mraba wa sentimita moja wenye pembetatu ndani yake. Hung'oa pembetatu kwanza. Ikitoka peke yake, mraba ukabaki umetulia na karatasi ya nyuma ikabaki nzima, shinikizo limekaa sawa. Vinili ya kawaida ina unene wa sehemu 7 au 8 za mia za milimita, kwa hiyo ncha ya kisu inatakiwa ichungulie tu nje ya ala, kiasi cha kuihisi kuliko kuiona. Shinikizo lianzie chini, tuseme gramu 80, lipandishwe kumi kumi. Wengi hufanya kinyume: kazi ikigoma kukatika wanaongeza nguvu, kisha nguvu zaidi, hadi kisu kinachora mpaka ule ukanda ulio chini yake. Mara nyingi shida ilikuwa kipande kidogo cha vinili kilichojikunja ndani ya ala na kukizuia kisu kuzunguka. Fungua ala, puliza, rudisha. Ukingo ukiendelea kutoka umechanikachanika hata baada ya kusafisha, hapo ndipo kisu kimekuwa butu.

Karatasi ngumu ya kadi za harusi inataka uvumilivu zaidi kuliko vinili. Kuanzia Septemba hadi Mei mvua zinanyesha Bukavu, na karatasi iliyolala usiku kwenye nyumba ya mbao hunywa unyevu, ikajikunja, nyuzi zake zikalainika. Kadi iliyokatwa katika hali hiyo ina manyoya kwenye kona, na ua lililotobolewa lina petali zilizoraruka. Dawa ni kuihifadhi ndani ya mfuko uliofungwa, ikiwa imelazwa na kugandamizwa na kitu kizito, na kupita mara mbili kwa nguvu ndogo badala ya mara moja kwa nguvu kubwa. Mkeka wa kukatia nao uoshwe kwa maji ya uvuguvugu na tone la sabuni, ukaushwe uso wenye gundi ukiangalia juu, usifutwe kwa kitambaa, maana nyuzi za kitambaa ndizo zinazoiua gundi.

Kuna kasoro moja ambayo vyumba vyetu vinaizaa kuliko vyumba vya wengine. Mkeka wa sentimita 30 hutokeza nyuma ya mashine unapovutwa. Meza ikiwa imesukumwa ukutani ili watu wapate pa kupita, mkeka unagonga ubao, unasita kidogo, kisha unaendelea. Mchoro wote uliofuata unakuwa umehama milimita mbili au tatu. Ukiona maua yamekatika sawasawa upande mmoja wa kadi na upande wa pili yamesogea yote pamoja, kapime nafasi iliyo kati ya mashine na ukuta kabla hujagusa kitu kingine.

Sasa mchoro wenyewe, ambao naupa uzito kuliko mashine. Mteja analeta nembo ya kanisa au ya timu kwa WhatsApp, picha ndogo iliyokwisha kutumwa kutoka simu hadi simu mpaka imefifia. Fundi mwenye haraka anaiamuru programu iifuatilie yenyewe. Programu inatii, lakini kila ukungu wa picha inaugeuza kuwa nukta, na mkunjo uliohitaji nukta nne unapata mia. Kisu kinapita nukta zote, kikitetemeka, na msalaba unatoka na kingo zilizotafunwa. Hakuna shinikizo wala kisu kipya kitakachoponya hilo. Inabidi kukaa na programu ya kuchorea ya Inkscape, ambayo ni ya bure na inafanya kazi bila intaneti, na kuichora nembo upya kwa mistari michache. Ukitaka kumjua fundi, muulize kama aliichora au aliifuatilia. Aliyeichora atakuonyesha kwa furaha.

Maandishi ya mkono unaotiririka, yale yanayopendwa na maharusi, yana mtego wake. Herufi zinaonekana zimeungana kwenye kioo cha kompyuta, kumbe kila moja imelala juu ya mwenzake. Zisipounganishwa kuwa umbo moja kabla ya kukata, kisu kinaizunguka kila herufi peke yake, na neno Neema linabaki na mikato inayopita katikati ya viungo. Mikato hiyo haionekani siku ya kwanza. Inafunguka baada ya wiki, vumbi likiingia. Inamisha stika kwenye mwanga wa pembeni, utaiona.

Nafasi kati ya herufi ndiyo inayotenganisha kazi nzuri na kazi safi tu. Kabla ya mashine, vibao vyetu viliandikwa kwa brashi, na waandishi wale walijua kwamba A na V zikikaa pamoja lazima zisogezwe zikaribiane, na kwamba I mbili zinadai hewa zaidi. Ilikuwa shule kubwa: mchoraji Chéri Samba alifika Kinshasa mwaka 1972 akafanya kazi na waandika vibao kabla ya kufungua karakana yake mwaka 1975. Kisha mwaka 1983 kampuni ya Gerber ya Marekani ikatoa mashine ya kukata herufi za vinili kwa ajili ya waandika vibao, na mashine hizi ndogo za mezani, Cricut na Silhouette na ndugu zao, zinafanya kazi ileile. Kompyuta inajua kukata A kuliko mkono wowote. Kuipangia A jirani yake bado ni jicho la mtu, na fundi anayeacha nafasi kama zilivyokuja kwenye programu hajamaliza kazi. Mimi ningemlipa zaidi yule anayeisogeza V kwa mkono.

Kwenye jezi na tishati, kukata ni nusu ya safari. Vinili ya nguo hukatwa ikiwa imegeuzwa kama kwenye kioo, upande wenye plastiki ya kubebea ukiwa chini, kisha hubanwa kwa joto la nyuzi 150 hadi 160 kwa sekunde 10 hadi 15 kwenye pamba. Jezi nyingi, hata hivyo, ni poliesta. Bana namba nyeupe juu ya jezi nyekundu ya poliesta kwa joto lile la pamba: jioni ni nyeupe, kesho yake inaanza kuwa na rangi ya waridi, kwa kuwa rangi ya kitambaa imepanda kwa mvuke na kuingia ndani ya vinili. Mteja anadhani ameuziwa vinili mbovu. Kilichotakiwa ni vinili ya joto la chini, nyuzi 130 hivi, au ile iliyotengenezwa kuzuia rangi isipande. Kwa hiyo usiipokee jezi ikiwa bado ya moto. Ichukue siku ya pili, vuta ukingo wa namba kwa ukucha, nyoosha kitambaa kwa mikono miwili. Ikiinuka kwenye kona, haikubanwa ya kutosha. Usiifue kabla ya saa 24, na ukiifua igeuze ndani nje.

Umeme wa shirika la SNEL ukikatika, wengine huchukua pasi ya makaa. Inashika katikati na kuacha kingo, kwa sababu joto lake halilingani, na majivu yakidondoka yanabaki chini ya herufi milele. Bora kupanga kazi kufuatana na umeme: mashine ya kukata inakula umeme kidogo, betri na inveta ya kawaida inaibeba, kwa hiyo kata na ung'oe mabaki wakati wa giza, kisha bana umeme ukirudi. Mashine ya kubana inataka zaidi ya wati 1,000. Isichomekwe kwenye waya mwembamba unaopita nyumba tatu. Kadutu imeungua vya kutosha, na nyumba za mbao haziungui moja moja. Hili silisemi kama ushauri wa pembeni. Fundi mwenye waya wa kubahatisha simpi kazi, hata herufi zake ziwe nzuri namna gani.

Pikipiki ndiyo mtihani mgumu kuliko yote. Tangi limepinda, jua linalichoma, petroli inamwagika karibu na kifuniko, na mvua inafanya mengine. Swali la mwenye pikipiki ni moja:

"Yaya, hii itakamata?"

Jibu la kweli linategemea aina ya vinili. Ile ya bei nafuu hutengenezwa kwa kukandamizwa na kuvutwa kati ya rola, na huhifadhi hamu ya kurudi ilivyokuwa. Ukibandika juu ya mpindo, baada ya miezi inanywea, na kuzunguka kila herufi unatokea mstari mwembamba mweusi: ni gundi iliyobaki wazi ikakamata vumbi. Vinili ya kumiminwa, ambayo ni nyembamba na ghali zaidi, haikumbuki kuvutwa, kwa hiyo inatulia. Ukitaka kujua fundi anabandika nini, tafuta pikipiki aliyoibandika mwaka jana uangalie kama ina mstari huo. Angalia pia kama kona zimeinuka. Zikiinuka zote, uso haukusafishwa mafuta kwa spiriti. Zikiinuka za upande mmoja tu, teipu ya kuhamishia ilibanduliwa kwa kuivuta juu badala ya kuikunja nyuma na kuilaza karibu na tangi.

Nimeulizwa mara nyingi kuhusu kununua mashine iliyokwisha kutumika. Jambo la kwanza ni programu, kabla ya chuma. Cricut inategemea intaneti kwa sehemu kubwa ya kazi zake, na mwezi Machi 2021 kampuni hiyo ilitangaza kwamba wasiolipia wangewekewa kikomo cha kupakia michoro 20 kwa mwezi, kisha ikarudi nyuma baada ya watumiaji kulalamika. Silhouette hufanya kazi na kompyuta bila mtandao. Kwa mtu wa Cimpunda anayenunua megabaiti kwa hesabu, tofauti hiyo ni kubwa kuliko tofauti ya bei. Jambo la pili, omba adapta yake ya asili na usome volti zilizoandikwa juu yake na zile za kwenye mashine. Mwisho, chukua tochi ya simu umulike ule ukanda mweupe ulio chini ya njia ya kisu. Ukiwa na mfereji uliochimbika mahali pamoja, vinili itazama hapo na kukatwa nusu kila mara. Ukanda hubadilishwa, hauna gharama kubwa, lakini kata bei kwanza.