Mashine Pepe 200 na Swali la Diski

Septemba 2017 Ofisi ya Rais TAMISEMI ilizindua Dodoma PlanRep mpya, mfumo wa mipango na bajeti unaotumika kupitia intaneti katika halmashauri zote za Tanzania Bara, ambazo wakati huo zilikuwa 185. Kabla ya hapo PlanRep ilikuwa programu ya kwenye kompyuta ya ofisini. Maofisa mipango walibeba takwimu zao hadi mkoani, kisha Dodoma, zikaunganishwe huko. Mfumo mwenzake, FFARS, ukaingiza hesabu za vituo vya afya na shule katika utaratibu huohuo. Kwa Bukene, mji mdogo wa reli ya Tabora–Mwanza ulio chini ya Halmashauri ya Wilaya ya Nzega, maana yake ni kwamba bajeti ya huduma zake haikai tena kwenye kompyuta ya Nzega peke yake. Imehamia kwenye hifadhi moja na za wenzake wote.

Mfumo wa aina hiyo haujaribiwi kwa kompyuta mbili. Mtihani wake halisi ni siku za mwisho za bajeti, halmashauri zote zinapoingia kwa pamoja, nyingine kwa mtandao mzuri, nyingine kwa mtandao unaokatika kila baada ya dakika chache. Anayetaka kuiga hali hiyo kabla haijamkuta huunda mashine pepe, yaani kompyuta za kuigiza zinazoendeshwa ndani ya seva halisi: moja kwa kila halmashauri, juu yake seva kadhaa za hifadhidata na za wavuti. Zinafika 200 bila kujitahidi. Swali linalowagawa wataalamu hapo ni dogo kwa maneno na kubwa kwa gharama: mashine hizo zote zihifadhiwe wapi?

Wengi huanza na ujazo, na ujazo huwadanganya. Mashine 200 zenye GB 20 kila moja ni TB 4, na TB 4 ni diski moja tu ya dukani. Kinachoishinda diski hiyo ni wingi wa maombi madogo yasiyo na mpangilio.

Diski ya sahani inayozunguka mara 7,200 kwa dakika hutumia milisekunde 8.3 kumaliza mzunguko mmoja. Kichwa chake cha kusomea huchukua kama milisekunde 8 kusogea hadi kwenye njia inayotakiwa, kisha kwa wastani husubiri nusu mzunguko, milisekunde 4.2 nyingine, data ipite chini yake. Ombi moja linakula milisekunde 12 hivi. Hayo ni maombi 80 kwa sekunde, basi. Kila mashine pepe ikiomba mara 30 tu kwa sekunde, zote 200 zinahitaji maombi 6,000, sawa na kazi ya diski 75. Na diski zikiwa zimepangwa kwa RAID 5, mpangilio unaohifadhi pia pariti, yaani hesabu ya kurejesha data diski moja ikifa, kila andiko dogo linageuka kazi nne: kusoma data ya zamani, kusoma pariti yake, kuandika data mpya, kuandika pariti mpya. Ndiyo sababu mashine zikiwashwa zote asubuhi kwa wakati mmoja, chumba kizima husimama na watu hudhani seva zimekufa.

SSD, diski isiyo na sahani wala kichwa cha kusogea, huondoa sehemu kubwa ya tatizo hilo, kwa kuwa moja ya kawaida hubeba makumi ya maelfu ya maombi kwa sekunde. Lakini hifadhi ikiwa ya pamoja, mzigo huhamia kwenye waya wa mtandao. Mtandao wa gigabiti 1 hupitisha takriban MB 118 kwa sekunde. Ukigawanywa kwa mashine 200, kila moja hupata MB 0.6. Kununua SSD za bei mbaya na kuziunganisha kwa waya huo ni kutupa fedha, na kosa hili ni la kawaida mno katika ofisi zinazonunua vifaa kwa mafungu, diski mwaka huu, swichi mwaka ujao.

Kabla ya kuchagua teknolojia, basi, inafaa kuuliza nini hasa kinahitaji kuwa cha pamoja. Katika mazingira ya majaribio mashine 200 karibu zote zinafanana. Zina mfumo endeshi uleule na programu zilezile. Kinachozitofautisha ni kile kidogo ambacho kila moja imeandika tangu iwashwe. Faili za aina ya qcow2 hutumia ukweli huo: nakala mama ya GB 20 huwekwa mara moja na haiguswi tena, kila mashine hupewa faili lake la tofauti. Tofauti ikiwa GB 1 kwa kila mashine, TB 4 zile zinashuka hadi GB 220. Zaidi ya hapo, nakala mama ikishasomwa mara ya kwanza hubaki kwenye kumbukumbu ya seva, na mashine zinazofuata huhudumiwa bila diski kuguswa.

Nakala mama na matokeo ya majaribio ndiyo ya kuweka kwenye hifadhi ya pamoja. Mafaili ya tofauti yakae kwenye SSD za ndani za seva zinazobeba mashine hizo. Seva ikiharibika, kinachopotea kinatengenezwa upya kwa dakika chache, kwa sababu mashine ya majaribio imeundwa ili ivunjwe.

CERN, maabara ya fizikia iliyo karibu na Geneva, ilipita njia hiyo kwa ukubwa wa kutisha. Mwaka 2013 iliingiza kazini wingu lake la OpenStack, na mwaka huohuo ikajenga hifadhi ya Ceph ya PB 3. Mwenye hifadhi ya namna hiyo angeshawishika kuirundikia kila kitu. Wahandisi wa CERN hawakufanya hivyo: mashine pepe nyingi ziliendelea kutumia diski za ndani za seva zao, Ceph ikapewa nakala mama pamoja na diski za ziada za wale ambao data yao lazima idumu.

Wasafiri wa karne ya 19 kwenye njia ya misafara ya Unyanyembe, eneo la Tabora, waliishi kwa hesabu hiyohiyo ya kutorundika kila kitu mahali pamoja. Mwandishi wa habari Stanley alipoelekea Ujiji mwaka 1871 kumtafuta mmisionari Livingstone aliacha shehena kubwa kwenye tembe la Kwihara, karibu na Tabora, akaondoka na mizigo ya safari tu. Livingstone, ambaye bidhaa zake zilikuwa Ujiji mikononi mwa mtu mmoja, alikuta zimeuzwa zote.

Kuna mtego mmoja unaostahili hofu kuliko yote iliyotajwa. Hifadhidata inaporekodi malipo, huitaka diski ithibitishe kwamba data imeandikwa kweli. Uthibitisho huo ni wa polepole. Hivyo msimamizi aliyechoshwa na malalamiko huibadili seva ya NFS, itifaki ya kushirikiana mafaili kupitia mtandao, kutoka hali ya kungoja kwenda hali ya kutongoja: seva hujibu "imeandikwa" ilhali data bado iko kwenye kumbukumbu. Kasi hupanda ghafla, kila mtu hufurahi. Umeme ukikatika, malipo ambayo mfumo uliyathibitisha hayapo. Jaribio la kukata umeme, ambalo mfumo wa vituo vya vijijini hauwezi kuliruka, linakuwa limepoteza maana yote, maana linapima uongo wa hifadhi badala ya uimara wa programu.

Kuhusu teknolojia zenyewe, NFS, iliyotolewa na Sun Microsystems mwaka 1984, inatosha kwa nakala mama na matokeo ya timu ndogo, na kila fundi wa Linux anaielewa. Hifadhi ya bloku kwa iSCSI, ambapo seva hupewa diski tupu kupitia mtandao, ni nyepesi, ila seva mbili zikiifungua bloku moja kwa ext4 ya kawaida zitaiharibu. Inahitaji mfumo wa faili wenye kufuli, kama VMFS ya VMware. Ceph, iliyozaliwa na utafiti wa Sage Weil katika Chuo Kikuu cha California, Santa Cruz, kwa kawaida huweka nakala tatu za kila data kwenye seva tofauti. Kwa timu yenye seva nne ni mzigo: moja ikianguka, tatu zilizobaki huanza kunakiliana upya na kuumeza mtandao uleule ambao majaribio yanautegemea.

Mwenye kununua aendeshe kwanza fio, programu ya bure ya kupima diski, kwa maandishi ya KB 4 yasiyo na mpangilio, kila andiko likingoja uthibitisho, kutoka kwenye seva kadhaa kwa wakati mmoja. Kisha aweke kengele ya ujazo kwenye asilimia 80. Mafaili ya tofauti huota kimyakimya, na diski ikijaa, mashine zote zilizo juu yake husimama kwa pamoja, katikati ya jaribio.