Kipimo cha Figo Bila Mkojo

Karatasi ya majibu inaonekana safi. Ni ya mama wa miaka 58, mkaazi wa Malindi ya hapa Unguja, nyuma ya bandari, mwenye sukari na presha kwa miaka mingi. Ameomba mwenyewe apimwe figo kabla hajaumwa, jambo ambalo wengi wetu hatulifanyi mpaka miguu ivimbe. Kituo alichokwenda, ambacho sitakitaja, kimemtoa damu, kimepima kreatinini, kimepata mikromoli 98 kwa lita, kimeandika pembeni "kawaida" na kumrejesha nyumbani. Chini ya kreatinini, kwenye fomu hiyo hiyo, kuna kisanduku cha mkojo. Kimepigwa mstari wa kalamu. Mstari ule umeharibu kazi nzima.

Yaliyofanywa vizuri nayataja kwa haki: damu ilitolewa bila kusumbua mshipa, ilizungushwa kwa wakati, majibu yalitoka siku ile ile. Hapo sina neno.

Turudi kwenye mstari. Sababu aliyopewa mama ni kwamba hana dalili yoyote ya mkojo, na kreatinini inatosha kwa kuanzia. Hoja hiyo imekwenda kinyume na namna figo inavyoharibika. Figo ina akiba kubwa. Vichujio vikifa, vilivyobaki vinabeba mzigo wa wenzao, na kreatinini kwenye damu inabaki pale pale mpaka karibu nusu ya uwezo wa kuchuja umeshapotea. Kwa mwenye sukari, kinachoguswa mwanzo ni ukuta wa kichujio: albumini, ambayo kwa mtu mzima wa afya hupita kidogo mno, inaanza kuvuja kwenye mkojo. Haivimbishi mguu, haiumi kiuno, haibadilishi rangi. Huonekana kwenye kikopo tu. Kwa hiyo anayesema "hana dalili, tuache mkojo" ameacha kipimo ambacho kiliwekwa khasa kwa ajili ya asiye na dalili.

Na si kwamba ushahidi uko mbali na sisi. Mwaka 2013 ulichapishwa utafiti wa Bugando, Mwanza, wa watu wazima 369 wanaohudhuria kliniki ya sukari. Asilimia 80.0 walikuwa na albumini ya kutia wasiwasi kwenye mkojo. Waliokuwa na eGFR, yaani kasi ya kuchuja inayokadiriwa kwa kreatinini ya damu, chini ya 60 walikuwa asilimia 24.7. Zisomeni tena hizo namba mbili mkiwa na ile fomu mkononi. Wagonjwa ni wale wale, kliniki ni ile ile. Anayepima damu peke yake anaona robo yao, anayepima mkojo anaona wanne katika kila watano. Hakuna hata mmoja kati yao aliyekuwa anajua kwamba figo zake zina tatizo, na waliokuwa na ugonjwa huo umeandikwa kwenye faili walikuwa 5. Atakayesema kwamba kipimo kimoja hakithibitishi ugonjwa sugu ana haki, nami nakubali kwamba lazima kirudiwe. Lakini huwezi kurudia ambacho hukupima hata mara ya kwanza.

Mwaka 1827, pale Guy's Hospital, London, Richard Bright alikuwa akitia mkojo wa mgonjwa kwenye kijiko na kuupasha juu ya mshumaa. Ukiganda mweupe, alijua figo imeguswa. Hakuwa na kreatinini; Max Jaffe hakuonyesha mmenyuko wake wa asidi ya pikriki mpaka 1886. Katika hospitali hiyo hiyo, mwaka 1963, Harry Keen na mwenzake walichapisha njia ya kupima albumini kidogo kabisa, ile ambayo mshumaa wa Bright usingeiona. Bright na Keen ndio walioujenga uchunguzi wa mapema wa figo, na wote wawili walianza na mkojo.

Lakini kinachonikera zaidi ni kwamba kosa hili limetokea Unguja. Visiwa hivi vinajulikana katika tiba ya dunia kwa sababu ya kikopo cha mkojo. Miaka ya 1980, Lorenzo Savioli na wafanyakazi wa afya wa Pemba walipita skuli kwa skuli wakiutafuta mkojo wenye damu kwa macho na kwa kijiti cha kemikali. Mtoto aliyeonekana na damu akapewa prazikwantelo, dawa ya kichocho. Hapa Unguja, watoto wa Kinyasini na Chaani wametoa mkojo wao mwaka baada ya mwaka. Mililita 10 zikachujwa, mayai yakahesabiwa kwa darubini. Kazi hiyo ilifanyika mashamba, kwenye madarasa, mara nyingi bila umeme wa kutegemea. Waliifanya kwa sababu walijua kwamba kichocho kikiachwa huziba njia ya mkojo na kuua figo kimya kimya. Halafu leo, mjini, hatua chache kutoka bandarini, kwenye chumba chenye kiyoyozi na mashine inayopima homoni, mtu anapiga mstari juu ya mkojo wa mama mwenye sukari. Wale wa skuli wangeona aibu.

Nakuja kwenye ugomvi wangu wa zamani, na wasomaji wa safu hii mtanivumilia, maana karatasi hii imeufufua yenyewe. Hiyo 98 imeitwa kawaida kwa sababu pembeni pamechapishwa kiwango cha 53 hadi 115, kimoja kwa mwanamme na mwanamke, kijana na mzee, mchukuzi wa bandarini mwenye misuli na bi mkubwa aliyekonda. Kreatinini inatokana na misuli. Kiwango kimoja kwa wote hakimwambii daktari kitu. Fanyeni hesabu kwa mlinganyo wa CKD-EPI wa 2021: mwanamke, miaka 58, kreatinini 98. Inatoka eGFR ya 58. Iko chini ya 60, na ikirudiwa baada ya miezi 3 ikabaki pale, huo ni ugonjwa sugu wa figo kwa tafsiri inayotumika dunia nzima. Kwa hiyo hata kile kipimo kimoja walichokiamini kilikuwa kinapiga kelele, ila hakuna aliyekipigia hesabu.

Na wapo wanaopiga hesabu kwa mlinganyo wa zamani. Ule wa 2009, ukiuacha bila nyongeza, unampa mama huyu 55. Ukimzidishia ile 1.159 ya "mtu mweusi", anapanda mpaka 64, na ghafla amepona kwenye karatasi bila kumeza kidonge. Nyongeza ile ilitoka kwa Wamarekani weusi. Mtangulizi wa mlinganyo huo, ule wa MDRD wa 1999, ulijengwa juu ya utafiti ambao weusi walikuwa takriban asilimia 12 tu ya washiriki. Nani aliwauliza watu wa Malindi? Marekani wenyewe walipendekeza iachwe mwaka 2021. Mwaka 2022 June Fabian na wenzake, waliopima uchujaji halisi kwa ioheksoli Malawi, Uganda na Afrika Kusini, walionyesha kwamba milinganyo ya kreatinini inazipa figo zetu sifa zisizokuwa nazo, na kwamba kipimo kingine cha damu, sistatini C, kinakaribia ukweli zaidi. Hilo nalo ni sababu ya kuushikilia mkojo: ikiwa hesabu ya damu inatudanganya kwa kutupendelea, basi albumini ndiyo shahidi wa pili, nasi tumemfukuza mahakamani.

Watasema gharama. ACR, yaani uwiano wa albumini na kreatinini kwenye mkojo, ni ghali kuliko kijiti, sikatai. Kijiti nacho kina udhaifu wake: kinasoma ukolevu, kwa hiyo aliyekunywa maji mengi anaonekana salama na mchukuzi aliyeshinda juani anaonekana mgonjwa, na uvujaji mdogo wa mwanzo kinaukosa. ACR inaondoa hilo kwa kuigawa albumini kwa kreatinini ya mkojo huo huo. Lakini kama pesa haipo, chovyeni kijiti, muandike mlichokiona, kisha mkusanye pesa ya ACR kwa wenye sukari na presha kwanza. Kati ya kipimo kizuri na kukosa kipimo kulikuwa na kijiti, na hata hicho hakikutumika.

Gharama ya kweli iko upande wa pili. Aliyefikia kusafishwa damu anakaa kwenye mashine mara 3 kwa wiki, kiasi cha saa 4 kila mara, maisha yake yote au mpaka apate figo ya kupandikizwa. Na dawa za kuchelewesha hayo zipo: losatani iko kwenye famasia zetu. Jaribio la RENAAL la 2001, kwa wagonjwa 1,513 wa sukari ya aina ya pili, lilionyesha kwamba inapunguza hatari ya kufikia figo kushindwa kabisa kwa asilimia 28. Dawa nyingine, dapaglifozini, ilipojaribiwa katika jaribio la DAPA-CKD la 2020, mgonjwa aliruhusiwa kuingia akiwa na ACR ya kuanzia miligramu 200 hadi 5,000 kwa gramu. Bila mkojo hakuingia. Mama huyu hajui kama ACR yake iko chini ya 30, kati ya 30 na 300, au juu ya hapo. Daktari wake hajui. Dawa atakayoandikiwa, na kwa haraka gani, vinategemea jibu hilo.

Sasa arudi na kikopo cha mkojo wa kwanza wa asubuhi. Asije akiwa na homa au na maambukizi ya njia ya mkojo, wala baada ya siku ya kazi nzito, maana vyote hivyo hupandisha albumini bila figo kuwa na kosa. Kikopo kisiachwe dirishani juani. Kikichelewa, kikae kwenye friji. Aulizwe alikulia wapi, na kama ni mashamba ya kaskazini, mkojo utazamwe damu na mayai ya kichocho kabla ya kulaumu sukari. Albumini ikiwa juu, irudiwe mpaka ithibitike kwa sampuli 2 kati ya 3. Kreatinini nayo irudiwe baada ya miezi 3, eGFR iandikwe kwa mlinganyo wa 2021, na jina la mlinganyo lionekane kwenye karatasi.

Na fomu ichapishwe upya. Kreatinini na ACR zikae kwenye kisanduku kimoja, ili kituo kisichokuwa tayari kupima vyote viwili kisiweze kuandika neno "figo" juu ya majibu yake.