Maji ya Kuvundikia Mihogo

Fundi wa mihogo hujulikana kwa kidole gumba. Kule Musumba, katika nchi ya Kapanga, nimewatazama akina mama wakiinama kwenye kidimbwi cha kando ya kijito, wakatoa muhogo majini, wakaubonyeza na kuurudisha. Kwa macho yangu ulikwisha kulainika. Kwao bado. Wakati wa joto siku tatu hutosha. Baridi ya Juni ikishayapoza maji, huongezwa siku, na hakuna anayewatajia ni ngapi. Wanajua kwa gumba na kwa pua, maana kuna harufu ya muhogo unaoiva majini na kuna harufu ya muhogo uliopitiliza, na kati ya hizo mbili nafasi ni ndogo sana. Kisha huja kutoa nyuzi, kuanika, kutwanga, kuchekecha. Bukari, ugali wetu, unaotoka hapo ni mweupe, unavutika kwenye mwiko bila kukatika, na tonge lake hushikika vidoleni bila kuganda. Sijaonja mjini bukari wa kuufikia.

Na muhogo wenyewe ni mgeni. Ulitoka Amerika, ukavuka bahari na Wareno hadi pwani ya Angola, ukapanda bara pamoja na biashara. Mjerumani Paul Pogge alipofika Musumba mwaka 1875, ulikuwa tayari chakula cha nchi ya Mwant Yav, mfalme wa Walunda. Basi ilikuwapo siku, ambayo hakuna aliyeitunza, mzazi fulani wa Kilunda alipomega tonge la kwanza la kitu asichokijua na kumpa mwanawe. Nakiwaza sana kitendo hicho. Ilimpasa mzazi yule awe amejifunza kwanza namna ya kuuondoa sumu yake majini.

Niliyawaza hayo katika mkahawa mmoja wa Kolwezi wanakokula watu wa migodi. Waaustralia si wageni kabisa Katanga. Kampuni yao ya Anvil Mining ilianza kuchimba shaba Dikulushi mwaka 2002, na wengine wamekuja baadaye na kuondoka. Siku hiyo ubaoni paliandikwa chakula cha Australia. Meza ya jirani alikaa mama mmoja, mzaliwa wa Kapanga kama nilivyojua baadaye, na mwanawe wa shule ya msingi. Waliletewa andazi kubwa lililojazwa nyama ya kusaga na mchuzi mzito. Mama alikata, akaonja yeye kwanza, akatafuna taratibu akiwa ameangalia pembeni, ndipo akampa mtoto. Mtoto akala, akapenda, kisha akauliza swali zuri kuliko yote niliyosikia katika mkahawa ule: “Mama, wanaipika namna gani?”

Mama akamgeukia mhudumu. Kijana akajibu kwa adabu, “Inakuja katika katoni, Mama, ikiwa na barafu. Sisi tunaipasha tu.”

Niliona uchungu kwa ajili ya Australia. Ile ni nchi yenye ufundi wa chakula uliotangulia katoni kwa maelfu ya miaka. Kandokando ya kijito cha Cooper, watu wa Yandruwandha walikula nardoo, punje za mmea wa majini ambazo zikiliwa mbichi humnyang'anya mtu nguvu za mwili. Wanawake wao walijua kuzichoma, kuzisaga na kuziosha kwa maji mengi. Mwaka 1861 wapelelezi wawili wa Kizungu, Burke na Wills, walikwama hapo kwa njaa. Waliuona unga, wakajisagia wenyewe, lakini hawakufuata njia yote ya wanawake wale. Walikula kila siku na kila siku wakadhoofika, hadi wakafa. Mwenzao John King alipokelewa na Wayandruwandha, akala kwa mikono yao, akaishi hadi alipookolewa.

Sisi pia tunajua gharama ya haraka. Mwaka 1938 daktari Trolli aliandika juu ya konzo huko Kwango, ugonjwa unaopooza miguu ghafla na usiorudi nyuma. Huwapata walao muhogo mchungu uliovundikwa nusunusu, hasa pasipokuwa na kitoweo cha maana. Njaa hufupisha siku za majini. Na soko pia huzifupisha, lori likiwa linasubiri barabarani. Ya njaa nayasamehe.

Walunda wana simulizi ambayo kwangu ndiyo msingi wa jambo hili lote. Mzee Yala Mwaku alikuwa akisuka mkeka, na kando yake pana chombo cha maji ya kulainishia nyuzi. Maji yalikuwa yamegeuka meupe. Wanawe wa kiume wakarudi wamelewa, wakadhani ni mvinyo wa mitende ambao baba anawanyima, wakampiga. Binti yake Ruwej akamuuguza na kumlisha, na mzee akampa yeye rukan, bangili ya utawala. Wasimulizi hupita haraka kwenye chombo kile. Mimi hukaa hapo. Wale vijana walikuwa watoto wa fundi, wamekulia ubavuni mwa maji yale, na hawakuyatambua.

Kolwezi leo maji ya kuvundikia yako wapi? Mto Musonoi umebeba mabaki ya migodi miaka mingi, na hakuna mama atakayeweka chakula cha wanawe humo. Wachache huvundika katika mapipa ya plastiki uani. Wengine hununua unga wa mahindi kwa mfuko, mwingi ukitoka Zambia, na binti anafika umri wa kuolewa gumba lake halijabonyeza muhogo hata mara moja.

Tulipokuwa tukilipa, yule mama aliniambia kwamba nkambo, bibi wa mtoto, yu hai, yuko Kapanga, bado anavundika. Mtoto hajamwona. Barabara ya kupitia Sandoa ni mbaya, nauli ni kubwa. Nilimsihi ampeleke likizo ya Julai, wakati wa kiangazi, malori yanapopita na jua la kuanikia ni zuri. Akasema atajitahidi. Julai imepita, na mtoto bado yuko Kolwezi.