Mlima Uliolala: Juu ya Maneno ya Mwandishi wa Sayansi

Wasomaji wa jarida hili wamezoea kusoma habari za istilahi: zimeundwa vipi, zimetoka lugha gani, na kama zinafuata kanuni za Kiswahili. Mjadala huo una faida yake, wala sikusudii kuubeza. Walakini yupo mtu mmoja tusiyemtazama sana, naye ndiye azitumiaye istilahi hizo kila siku. Huyu ni mwandishi wa habari za sayansi kwa watu wote, ambaye asubuhi husoma ripoti ya wataalamu iliyoandikwa kwa Kiingereza, na kabla ya jua kuchwa hana budi kuieleza kwa Kiswahili kwa watu wasiosomea fani hiyo. Nataka kuipima kazi yake kwa mfano mmoja, nilioukuta Babati mwezi Desemba, 2023.

Alfajiri ya Jumapili, tarehe 3 ya mwezi huo, baada ya mvua kubwa, tope, mawe na magogo viliteremka kutoka Mlima Hanang vikaingia mji wa Katesh na vijiji vya jirani, Gendabi kikiwa kimojawapo. Waliokufa walizidi 80. Katesh iko kwenye barabara itokayo Babati kwenda Singida, na siku ile ile habari zilikwisha fika stendi ya Babati. Nazo zilikuwa habari mbili. Moja ilisema ni mafuriko. Ya pili ilisema mlima umelipuka.

Habari ya pili haikuwa kweli. Siku chache baadaye Serikali, kwa kutegemea uchunguzi wa wataalamu, ilieleza kwamba hapakuwa na volkano. Sehemu ya mlima yenye mwamba dhaifu ilikuwa imenyonya maji, ikalemewa, ikameguka. Lakini tusikimbilie kuwacheka walioamini mlipuko. Hanang ni mlima wa volkano kwa asili yake, wenye urefu wa mita 3,400 na zaidi, na kaskazini yake kuna Ol Doinyo Lengai, ambao ulilipuka kwa nguvu mwaka 2007 na 2008. Zaidi ya hayo, sisi wenyewe ndio tuliowafundisha watu shuleni kwamba volkano ni za aina tatu: zilizo hai, zilizolala, na zilizokufa. Sasa, mtu aliyeambiwa kwamba mlima fulani umelala, akausikia usiku ukinguruma, atafikiri nini? Kilicholala huamka. Hakukosea katika kufikiri. Alifuata neno mpaka mwisho wake. Na yule aliyeambiwa kwamba mlima umekufa naye alipotezwa, tena vibaya zaidi, maana maiti haiogopwi. Maneno haya matatu hupima moto tu. Juu ya mteremko, udongo na maji hayasemi lolote, na hatari ya Hanang ilikuwa huko. Twabishana miaka mingi kama iandikwe volkano au volkeno. Sikumbuki kuwahi kusikia ubishi juu ya kulala.

Neno la kwanza, mafuriko, laonekana halina kosa, nami nililikubali bila kufikiri. Kosa langu lilidhihirika baadaye. Niliombwa kusahihisha Kiswahili cha kijikaratasi cha tahadhari kwa ajili ya watu wakaao chini ya milima ya wilaya hii. Niliyakuta maneno haya, nikayapitisha, baada ya kurekebisha upatanisho wa ngeli tu: ikitokea mafuriko, kimbilieni mahali palipoinuka. Kiliposomwa mbele ya wanakijiji chini ya Mlima Kwaraa, mama mmoja mzee aliniuliza kwa upole, “Mwalimu, palipoinuka ni wapi? Si ndiko linakotoka?”

Sikuwa na jibu. Kwa mtu wa Babati mjini mafuriko ni jambo analolijua: ni maji ya Ziwa Babati kujaa na kupanda, kama yalivyopanda mwaka 1990, na mwenye kupanda juu zaidi yao amepona. Shauri lile ni sahihi kwa maji yapandayo. Kwa tope litokalo mlimani ni shauri la kuua, kwani anayekimbilia juu kwa kufuata korongo analikabili uso kwa uso, na anayekimbia kuteremka nalo hawezi kushindana na mwendo wake. Penye usalama ni kando, nje ya mkondo. Kwa hiyo tofauti kati ya mafuriko na maporomoko si jambo la ufasaha peke yake. Hapo neno humwelekeza mtu pa kukanyaga.

Yapasa tukumbuke pia kwamba wengi wa wasikilizaji hawa Kiswahili si lugha yao ya kwanza. Kuzunguka Babati na Hanang husemwa Kiiraqw, Kigorowa, Kidatooga, Kimbugwe na Kirangi, yaani Kikushi, Kinailoti na Kibantu pamoja. W. H. Whiteley, aliyekuwa mhariri wa jarida la Kamati ya Kiswahili ya Afrika Mashariki miaka ya 1950, aliandika pia juu ya sarufi ya Kiiraqw. Yaelekea alijua kwamba Kiswahili cha bara hakisikilizwi na sikio tupu. Nimeona jambo hilo hata kwa neno Elinino, ambalo tangu mvua za 1997 na 1998 limekuwa jina la mvua kubwa yo yote. Mwandishi akisema Elinino ni kupata joto kwa maji ya Bahari ya Pasifiki, msomaji humwona kama anayebadilisha mazungumzo.

Basi mwandishi afanye nini? Nionavyo mimi, maelezo ya Serikali niliyoyataja yalifaulu mahali ambapo kamusi zetu hazisaidii sana. Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia ya mwaka 1990 ni kazi ya kuheshimiwa, lakini, kama zilivyo kamusi nyingi za istilahi, ni ghala la nomino. Maelezo yale yalisimama juu ya vitenzi: kunyonya, kulemewa, kumeguka, kuporomoka. Nani asiyejua kumega tonge la ugali? Na kiambishi cha -uk- na -ok-, kilichomo katika meguka, momonyoka, poromoka na bomoka, chaeleza kitu kinachoachana na kingine bila kutajwa mtendaji, ambavyo ndivyo wanajiolojia wanavyotaka kusema. Msomaji akikipata kitenzi, nomino ataipokea baadaye bila shida. Akianzishiwa nomino, mara nyingi huikariri tu.

Nitakubali pingamizi moja. Lipuka nalo lina umbo lile lile, na ndilo lililowapoteza watu. Hapa vitenzi pia havitoshi, na mwandishi hana budi kukitaja kitenzi cha uongo na kukikanusha waziwazi: haukulipuka, umemeguka. Magazeti mengine yaliogopa kuurudia uvumi, yakaeleza ukweli peke yake, na uvumi ukaendelea kukaa pembeni yake kama habari ya pili yenye haki sawa.

Kijikaratasi nilikiomba tena. Sentensi sasa yasema: mlima ukimeguka, tope hufuata korongo, tokeni korongoni mwende kando, msipande wala msiteremke nalo. Tulipokisoma mara ya pili, yule mama aliuliza kando ipi, ya kushoto au ya kulia. Tukatoka nje kwenda kuliangalia korongo.