Kuunga Muundi

Wapo watoto, pengine mmoja kati ya 150,000, wanaozaliwa na muundi uliopinda kuelekea mbele na nje. Mara nyingi hata miaka 2 haijatimia, pigo dogo huuvunja, na ukishavunjika hauungi. Plasta haifui dafu. Pale penye mvunjiko hujaa nyama ngumu, na mguu ukacheza mahali pasipo na kiungo. Karibu nusu ya watoto hawa wana madoa ngozini, ya rangi ya kahawa iliyotiwa maziwa, na mama wa Butembo, mashariki mwa Kongo, anayemwogesha mwanawe huwa ameyaona zamani, kabla daktari yeyote hajaulizwa.

Kazi ya mpasuaji anayeushika mguu huo naiheshimu kuliko kazi nyingi za mikono. Utando unaoufunika mfupa, ambao kwa mtoto mwingine ndio unaozaa mfupa mpya, hapa umekuwa mnene na unaukaba. Sharti aukate wote, azipunguze ncha za mfupa mpaka zitoe damu. Mguu uliokwisha kuwa mfupi anaufupisha zaidi, kwa makusudi. Huruma ya haraka haifai hapa: kibovu kikibaki ndani, muundi utavunjika palepale.

Kisha huhamia nyonga. Kwa mtoto, ukingo wa mfupa wa nyonga umefunikwa na gegedu. Mpasuaji hulipasua, huchota punje za mfupa laini, hulishona tena ili nyonga iendelee kukua. Punje hizo, zenye chembe hai, huzipanga kuzunguka mvunjiko, na ufito wa chuma hupita ndani ya muundi, wakati mwingine ukiwa umeingizwa kupitia unyayoni.

Hadi miaka ya 1870 kupandikiza mfupa hivi kulikuwa jambo la nadra. Karibu mwaka 1880, huko Glasgow, William Macewen alimrudishia mtoto mfupa wa mkono ulioliwa na usaha, kwa vipande alivyovikata kwenye miundi ya watoto wengine waliopinda miguu. Kilichokuwa kilema cha mmoja kikawa mkono wa mwingine! Siku hizi mtoto hujipa mwenyewe, maana mwili haukatai kilicho chake.

Lakini nusu ya ufundi huu huja baada ya nyuzi kutolewa. Mfupa ulioungana unaweza kuvunjika tena hadi mtoto amalize kukua, kwa hiyo kifaa cha kuushika mguu hubadilishwa kila kiatu kinapobana, na picha hupigwa mwaka baada ya mwaka. Hapa ndipo miji ya Butembo na Beni inapoumia. Septemba 2002 hospitali ya Nyankunde, huko Ituri, ilishambuliwa, na walionusurika wakatembea hadi Oicha, kaskazini mwa Beni. Tangu 2014 mauaji yamefunga barabara nyingi za Beni. Kuanzia 2018 hadi 2020 Ebola iliwafanya watu waogope milango ya hospitali.

Ndiyo maana nawasifu wapasuaji waliobaki. Jo Lusi, mpasuaji wa mifupa, alianzisha na mkewe Lyn kituo cha tiba mjini Goma mwaka 2000, ambacho baadaye kiliitwa HEAL Africa. Januari 2002 lava ya volkano ya Nyiragongo ilikiteketeza. Wakakijenga upya na kuendelea kuwafundisha madaktari vijana. Mtoto aliyepasuliwa akiwa na miaka 4 atahitaji, akifika 14, mpasuaji yuleyule au mwanafunzi wake, awe bado yupo, na barabara ya kumfikia iwe wazi.